Chandarua kilichogawiwa si chandarua kilicholaliwa

Katika mazungumzo yetu ya juma hili ningependa tuitazame hesabu moja ambayo husomwa mara kwa mara katika mikutano, katika taarifa za habari na katika sherehe za kufunga miradi, lakini ni wachache wanaouliza maana yake. Ni ile hesabu isemayo: vyandarua kadhaa vimegawiwa, semina kadhaa zimefanyika, wananchi kadhaa wamefikiwa. Msemaji huisoma kwa sauti kubwa, wageni wa heshima hupiga makofi, na mradi huhesabiwa kuwa umefaulu.

Mimi sina ugomvi na makofi. Swali langu ni moja tu. Baada ya vitu hivyo vyote kugawiwa, ni watoto wangapi ambao hawakuugua, na ambao bila vitu hivyo wangeugua? Hilo ndilo swali la tathmini. Mengine ni hesabu ya ghala.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi ni mkazi wa Mwanga. Nasema Mwanga yetu hii ya Kigoma, iliyo kati ya mjini na Ujiji, si ile ya Kilimanjaro. Kati ya mwaka 2009 na 2011 nchi yetu, kwa msaada wa wafadhili, iligawa bure vyandarua vyenye dawa zaidi ya milioni 25, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na baadaye kwa kila mahali pa kulala katika kila kaya. Ilikuwa kazi kubwa, na waliyoifanya wanastahili shukrani. Katika ugawaji ule na mimi nilipata kibarua cha kuandikisha kaya katika mtaa wetu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilipita nyumba hadi nyumba pamoja na mjumbe, tukapiga hodi, tukauliza watu wanaolala humo ni wangapi na mahali pa kulala ni pangapi, nikaandika. Baada ya vyandarua kutolewa tulitumwa tena kuzunguka na swali moja: “Mmepata?” Wakijibu ndiyo, natia alama ya vema. Wasipokuwapo, naandika “hakuna mtu” na kuendelea na nyumba ya pili. Daftari langu lilikuwa safi, lenye alama za vema kutoka juu mpaka chini, na msimamizi wetu alilionyesha kwa wenzangu kuwa mfano wa kazi nzuri. Nami nilifurahi, kwa nini nisifurahi?

Miezi michache baadaye, usiku wa mvua, bibi mmoja jirani yangu aligonga dirisha. Mjukuu wake, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa ameshikwa na degedege. Tulimpakia kwenye pikipiki, bibi nyuma na mtoto katikati, mimi nikafuata kwa miguu. Hospitali walimpima, wakasema ni malaria, na damu imepungua mno. Mjomba wake akatolewa damu usiku uleule. Kwa rehema za Mungu mtoto alipona.

Lakini kulipopambazuka, tukiwa tumekaa kwenye benchi, nilikumbuka kwamba nyumba ile ilikuwamo katika daftari langu. Nilikuwa nimeitia alama ya vema. Nikamwuliza, “Bibi, vyandarua si mlipata?”

“Tulipata, baba. Viwili.”

“Sasa viko wapi?”

“Kimoja analalia mjomba wake. Kimoja kiko Kibirizi.”

“Kibirizi kinafanya nini?”

“Kinavua.” Kisha akaniona ninavyomtazama, akasema, “Usinitazame hivyo, mwanangu. Mbu anakuja usiku. Njaa inakaa nyumbani kutwa kucha.”

Ndugu wasikilizaji, wanaoijua Kibirizi wanajua dagaa wanavyoanikwa pale, na wanajua ni kaya ngapi za mji huu zinazokula kwa sababu ya dagaa wale. Bibi yule hakuwa mjinga wala mwizi. Alipewa kitu kimoja chenye matumizi mawili, akachagua matumizi yaliyomletea chakula siku ileile. Wala hakuwa peke yake. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika juu ya jambo hilihili. Kaya zilizohojiwa zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na zaidi ya kaya 8 katika kila 10 zilisema kwamba vyandarua hutumika kuvulia. Vingi kati ya vyandarua hivyo vilikuwa vile vilivyogawiwa bure. Na hasara yake ni mara mbili: mtoto hubaki wazi kwa mbu, na matundu madogo ya chandarua huzoa hata samaki wachanga ambao wangekuwa kitoweo cha mwaka ujao.

Swali ninalojiuliza ni hili: daftari langu lingewezaje kuyajua hayo? Lisingeweza kamwe. Niliuliza kama chandarua kimefika mlangoni, nikajibiwa kweli tupu. Bibi hakunidanganya. Mwenye kosa lilikuwa swali.

Chandarua, ili kiokoe maisha ya mtoto, hupanda ngazi yenye vidato kadhaa. Kidato cha kwanza ni kufika nyumbani. Cha pili ni kutundikwa. Cha tatu ni kulaliwa, tena kulaliwa na yule aliye katika hatari zaidi, yaani mtoto mdogo na mama mjamzito. Cha nne ni mtoto kutoambukizwa. Cha tano ni mtoto kutofika kwenye hatari ya kifo. Sisi tulipanda kidato cha kwanza, tukajipongeza kana kwamba tumefika darini. Na sababu ya kusimama pale si ngumu kuiona. Kidato cha kwanza ni rahisi kuhesabu, na mwenye kugawa ndiye anayekitawala. Vidato vya juu vinatawaliwa na njaa, joto, mvua, mazoea na umaskini, na huko anayetafuta sifa haendi kwa hiari. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mradi unaojipima wenyewe na kujisifu wenyewe hauna tofauti na mgema huyo.

Sasa tuulize, kidato cha tatu hupimwaje? Wataalamu wanaofanya uchunguzi wa malaria katika kaya hapa nchini hawaulizi, “Je, huwa mnatumia chandarua?” Nani atajibu hapana mbele ya mgeni mwenye kalamu? Huomba kuviona vyandarua vyenyewe, kisha kwa kila kimoja huuliza, “Usiku wa kuamkia leo nani alilala ndani ya hiki?” Swali la jana usiku ni gumu kulikwepa, wala halihitaji kumbukumbu ya mwaka mzima. Tena nyumba za kuuliza hazichaguliwi na mjumbe wala na dereva. Huchaguliwa kwa kura, ili nyumba iliyo kando ya lami na kambi ya wavuvi iliyo mbali na barabara ziwe na nafasi sawa ya kufikiwa. Nazikumbuka zile nyumba nilizoziandikia “hakuna mtu.” Nyingine wenyewe walikuwa ziwani. Yaani niliowaacha nje ya hesabu ni walewale ambao habari zao zilihitajiwa zaidi.

Lakini hata swali zuri lina mpaka wake, kwa maana maneno ni maneno. Kuna mfano mkubwa katika nchi yetu, nao unatoka Mwanza. Mwaka 1999 ulianza huko mpango ulioitwa MEMA kwa Vijana, wa kuwafundisha vijana shuleni na kuboresha huduma zao katika zahanati ili wajikinge na UKIMWI. Walioupanga walitaka kujua ukweli. Walichukua maeneo 20 ya vijijini, na kwa kura 10 yakapata mpango na 10 yakasubiri. Baada ya miaka mitatu vijana wa maeneo yenye mpango walikuwa na ujuzi bora, na baadhi ya majibu yao juu ya mwenendo wao yalikuwa ya kutia moyo. Kama tathmini ingeishia kwenye majibu ya midomo, tungepiga makofi. Lakini walipima na damu, na damu haikuonyesha kwamba maambukizo yamepungua kuliko katika maeneo yaliyosubiri. Mwaka 2007 na 2008 walirudi wakapima tena, na jibu la damu halikubadilika.

Wengine watasema basi mpango ule ulishindwa. Mimi nasema tathmini yake ilifaulu. Ilitufundisha kwamba kujua na kutenda ni vitu viwili, na kwamba somo la darasani peke yake haliwezi kuushinda umaskini na tabia za watu wazima wanaowazunguka vijana. Walikuwa na uwezo wa kuficha, wakatangaza. Huo ni uungwana ambao miradi mingi imeukosa.

Turudi Kigoma na malaria yetu. Hapa pia damu imepimwa. Katika uchunguzi wa kitaifa, watoto wa miezi 6 mpaka 59 katika kaya zilizochaguliwa kwa kura hutobolewa kidole na kupimwa kwa kipimo cha haraka, wawe wanaumwa au hawaumwi. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016, watoto kama 38 katika kila 100 wa mkoa wetu walikutwa na malaria, wakati wastani wa Tanzania nzima ulikuwa kama 14. Mwaka 2017 Kigoma ilikuwa 24, na wastani ulikuwa 7. Mwaka huo hapakuwa na mkoa uliotuzidi.

Nawaomba muitazame hesabu hiyo kwa makini, maana inafundisha hatari nyingine. Mtu anayetaka kutusifu atasema: Kigoma imeshuka kutoka 38 hadi 24, yaani watoto 14 katika kila 100, na nchi nzima imeshuka 7 tu, kwa hiyo tumewapita wengine mara mbili. Mtu anayetaka kutulaumu atasema: nchi imepunguza malaria kwa nusu, Kigoma imepunguza kwa kiasi cha theluthi tu, kwa hiyo tumeachwa nyuma. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wametumia tarakimu zilezile. Basi mkisikia asilimia katika hotuba, ulizeni inalinganishwa na nini, na kwa nini imelinganishwa hivyo.

Tena kuna jambo la majira. Mbu wa malaria hufuata mvua. Ukipima mwaka mmoja wakati wa kiangazi na mwaka mwingine masika yakiwa yamekolea, utaona malaria imepanda au imeshuka hata kama hakuna mtu aliyefanya lolote. Na katika miaka hiyo vyandarua havikuwa peke yao. Dawa ya mseto ilikuwapo, vipimo vya haraka vilifika mpaka kwenye zahanati, watu wengine walijenga nyumba bora. Nani apewe sifa?

Jibu la swali hilo gumu lilitafutwa kwa uangalifu na jirani zetu wa Kenya. Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya mwaka 1993 na 1995, watafiti waliigawa sehemu moja ya wilaya katika maeneo 56. Kwa kura, nusu ya maeneo hayo yakapewa vyandarua vyenye dawa kwanza, nusu nyingine yakabaki kuwa ya kulinganishia. Mvua iliyonyesha huku ilinyesha na kule. Hospitali iliyotibu hawa iliwatibu na wale. Bei ya unga ilikuwa moja. Tofauti iliyobaki ilikuwa chandarua. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1996, vifo vya watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 59 vilikuwa vimepungua kwa kiasi cha theluthi katika maeneo yenye vyandarua, na watoto waliolazwa hospitali kwa malaria kali walikuwa wamepungua kwa asilimia 44.

Msidhani kura ile ilikuwa mchezo. Kama watafiti wangechagua wenyewe, wangevutwa na vijiji vyenye mwenyekiti hodari na barabara nzuri, na baadaye tusingejua kama watoto waliokolewa na chandarua au na barabara. Kura haina ndugu wala rafiki.

Basi tunajua, na tumejua kwa miaka mingi sasa, kwamba chandarua chenye dawa huokoa watoto. Hatuhitaji kuirudia Kilifi katika kila kata ya Kigoma, na ingekuwa dhuluma kuwanyima watoto wengine kitu kinachojulikana kwamba kinafaa. Hapa Mwanga swali ni jingine: je, mtoto amelala ndani yake? Hilo halihitaji profesa. Linahitaji mtu anayeingia ndani baada ya kukaribishwa, akaona kilipo chandarua, akauliza habari za jana usiku, kisha akaongeza swali moja ambalo daftari langu halikuwa na nafasi yake: kwa nini?

Nasema kwa nini kwa sababu baada ya asubuhi ile ya hospitali nilirudi katika nyumba kadhaa za mtaa wetu bila daftari, kama jirani tu. Niliyoyasikia hayakuwamo katika fomu yoyote. Mama mmoja watoto wake wanalala sebuleni kwenye mkeka unaokunjwa kila asubuhi, na hapo hakuna pa kufungia kamba. Mzee mmoja alisema joto. Kijana mvuvi alinicheka, akaniuliza chandarua kitamsaidia nini yeye ambaye usiku yuko ziwani na taa yake, na mchana ndio analala. Mwingine alikuwa nacho kimefungwa bado katika mfuko wake, anakingoja kile cha zamani kichakae. Sababu nne, dawa nne. Mwenye mkeka anahitaji misumari na kamba. Mvuvi anahitaji kinga ya namna nyingine. Bibi yangu wa Kibirizi anahitaji njia ya kupata kitoweo isiyomgharimu mjukuu. Ukiwaletea wote semina moja ya umuhimu wa chandarua, umewahubiria watu wanaojua tayari.

Nimefika mwisho, na ningependa kuwaachia maswali ya kwenda nayo katika mikutano ya mitaa, Mwanga, Gungu, Ujiji na kokote mnakonisikia. Siku mradi wowote wa afya utakapokuja kutangaza mafanikio yake, uwe wa vyandarua, wa kipindupindu, wa chanjo au wa uzazi salama, simameni kwa adabu muulize. Mmetuambia mlichotoa, nani amekitumia, na mmejuaje? Nyumba mlizokwenda kuuliza, nani alizichagua, na wasiokuwapo mliwafanyaje? Mnasema hali imekuwa bora. Bora kuliko lini, na kuliko wapi? Aliyepima ni nani, ni yuleyule aliyegawa? Na la mwisho, ambalo ndilo linaloniuma kuliko yote: majibu mtatuletea lini? Maana sisi tumeulizwa miaka nenda miaka rudi, watoto wetu wametobolewa vidole, na mara nyingi karatasi zikishaondoka hapa hazirudi. Aliyetoa damu yake ipimwe ana haki ya kuambiwa ilisema nini. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa shukrani.

Yule mtoto sasa ni kijana, amenipita kimo. Jioni ile alipotolewa hospitali nilikwenda na misumari mitatu na kamba, nikamfungia chandarua pembeni mwa chumba cha bibi yake. Ilinichukua kama robo saa. Kuhusu daftari, nilikwenda kwa msimamizi wetu kumwomba nisahihishe ule mstari. Akaniambia taarifa imekwisha kupelekwa juu. Kwa hiyo alama yangu ya vema ingalimo mpaka leo, ndani ya jumla fulani kubwa, na huenda kuna siku ilisomwa na watu wakapiga makofi.